Kufuli la stoo ya akina mama

Leo nimeaibika. Mchana kweupe, tena msibani. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Kwa msionijua vizuri, mimi ni fundi cherehani hapa Ikungi, na mwaka huu nimeshikwa na mapenzi ya ajabu: nafungua makufuli bila ufunguo. Makufuli yangu mwenyewe, jamani! Nilianza na dogo, lile la kufungia sanduku la shule. Nikalifungua kwa dakika mbili, nikajiona injinia. Nikapanda hadi lile la shaba, la ukubwa wa kati. Hilo lilinitesa wiki tatu. Niliporudi dukani kutafuta jingine, muuzaji akaniuliza, "Fundi, kila mara kufuli, kwani una milango mingapi?"

"Miwili," nikamjibu. (Tangu siku ile salamu yangu anaiitikia kwa shida.)

Vifaa vyangu ni spoku za baiskeli nilizozinoa kwa tupa. Moja unaikandamiza kidogo kwenye tundu la ufunguo, nyingine unapapasa nayo vijipini vya ndani, kimoja kimoja, mpaka usikie "tik". Siku nzima nasikia kelele za cherehani na wateja wanaodai nguo zao. Ile "tik" ndiyo dakika yangu ya utulivu. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo.

Sasa leo. Tunamzika jirani yetu, Mzee Yohana. Mazishi ni saa tisa, watu lazima wale kabla, na sufuria kubwa zote zimo kwenye stoo ya kikundi cha akina mama. Mwenye ufunguo yuko Singida mjini, amekwenda kumwangalia dada yake aliyelazwa. Kwenye simu akasema ufunguo amempa kondakta wa basi. Basi lenyewe litafika lini, hakuna anayejua.

Wanaume wawili wakasema tuvunje mlango kwa shoka. Bi Zaituni, mwenyekiti wa kikundi, akakataa kabisa.

"Mlango huu umetokana na alizeti tulizolima wenyewe. Haupigwi shoka!"

Ndipo mke wangu Rehema, ambaye mwaka mzima ananiambia napoteza muda, akasema kwa sauti, "Mume wangu anafungua makufuli."

Watu wakanigeukia. Jirani aliyepoteza jogoo mwezi uliopita akaniangalia kwa muda mrefu sana.

"Anafungua kivipi?" akauliza.

"Bila ufunguo," Rehema akajibu, kidevu juu.

Ningepaswa kukataa. Sisi tunaocheza mchezo huu tuna kanuni moja: usijaribu kwenye kufuli linalotumika, hasa la watu. Lakini mke wangu amenisifia hadharani kwa mara ya kwanza tangu tuoane! Nikakimbilia nyumbani kuchukua spoku.

Lilikuwa kufuli jeusi, zito, la zamani, aina ambayo sijawahi kuigusa. Nikapiga magoti. Akina mama wakanizunguka na visu vyao vya vitunguu. Nikafumba macho kama mtaalamu, halafu nikatamka maneno nitakayoyajutia maisha yangu yote:

"Naomba kimya, tafadhali."

Msibani! Na wakanyamaza. Hata waliokuwa wanalia ndani wakanyamaza.

Nikasikia "tik". Ikaja ya pili. Nikakandamiza kidogo zaidi. Kisha "tak".

Halikuwa kufuli. Ilikuwa spoku, imekatikia ndani.

Bado nimepiga magoti, najaribu kuivuta kwa kucha, bodaboda ikaingia na honi juu. "Ufunguo wenu huu hapa! Kondakta amenipa stendi."

Bi Zaituni akauchukua, akauingiza. Ukagoma. Akauchungulia ufunguo, akachungulia kufuli, akanichungulia mimi.

"Mwanangu, umeweka nini humu?"

"Spoku, mama."

"Toka hapo."

Akaomba kisu cha mezani, akainama, akafungua skrubu nne za kile chuma kinachoshika kufuli mlangoni. Hakufumba macho. Hakuomba kimya. Mlango ukafunguka, na kufuli likabaki limefungwa barabara, linaning'inia hewani, halijashindwa na mtu.

Alianza kucheka mmoja, amejiziba mdomo kwa kanga. Halafu wote.

Nikabeba sufuria zote nane peke yangu, bila kutumwa. Nilipokuwa napita na ya mwisho, mjane mwenyewe, Bibi Elina, akaniita kutoka alipokaa kwenye mkeka. Nikaitua sufuria.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, nimeleta kicheko msibani kwako."

"Marahaba. Kaa hapa." Akanitazama. "Mzee wangu alihangaika na redio yetu siku mbili, akaitawanya yote mezani. Kumbe haikuwa na betri."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikageuka kilio, akanishika mkono. Nikakaa tu. Nilitaka watu waone ninachokiweza, na pale sikuweza chochote, lakini hakuniachia mpaka chakula kilipoiva.

Haya, chekeni. Ila msiipeleke kwenye grupu la ukoo. Mama mkwe yumo, na bado anaamini binti yake aliolewa na mtu mwenye akili.