Unga wa Njano wa Mama Mkwe

Kuumbuka kwangu leo kumegharimu vitu vifuatavyo, nimevihesabu mara mbili: chupa mbili ndogo za damu, robo tatu ya mche wa sabuni, dera moja ambalo halitarudi kuwa jeupe, na heshima yangu yote mbele ya mama mkwe. Hiyo ya mwisho sina risiti.

Nianze mwanzo, maana humu kwenye kundi kuna watu wanacheka kabla hawajajua wanacheka nini.

Mnajua nina mimba ya miezi saba. Mnajua pia nauza mitumba ya watoto hapa Maili Moja, na kwamba mtu akinitajia bei mimi husikia nusu yake. Sasa mwezi uliopita tumbo likaanza michirizi. Nikahesabu, kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na mbili. Mteja wangu mmoja mwenye watoto wanne na tumbo laini kama andazi akaniambia siri yake ni manjano na mafuta ya nazi. Nikaenda sokoni. Nikapatana na muuza viungo mpaka akafunika kopo lake. "Dada," akaniambia, "wewe kapake maji tu."

Jumapili iliyopita mimi na mume wangu, Shabani, tukaenda Chole, kule Kisarawe, kumsalimia mama yake. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, anasuka mikeka, na ananipenda kuliko ninavyostahili. Akanituma chumbani nimletee mkasi. Humo ndani, kwenye mkoba wake wa ukili, nikaona vipakti vitatu vya karatasi ya gazeti. Kimoja unga wa njano. Kimoja mwekundu. Kimoja zambarau. Mwenye akili zake angejiuliza manjano yanatafuta nini pamoja na unga wa zambarau. Mimi nilijiuliza kitu kimoja tu: je, akikosa kimoja atagundua? (Ule mwekundu nilidhani ni wa midomo. Msinihukumu, nina mimba.)

Ningeweza kumwomba. Angenipa na mkoba wenyewe. Lakini niliona aibu mama mkwe ajue mke wa mwanawe anahangaika na michirizi kama msichana wa kidato cha pili. Basi nikakitia kwenye sidiria, nikampelekea mkasi wake, nikashukuru kwa muhogo.

Jana mchana Shabani akiwa kazini nikakoroga unga wangu na mafuta ya nazi. Nikapaka tumbo, mikono, miguu hadi nyayo. Uliobaki nikaurudia tumboni, kwa sababu mimi situpi kitu. Nikakaa saa nzima kama mwali. Nikaoga. Maji yakatoka ya njano, mimi nikabaki wa njano. Nikaoga tena. Maji yakatoka meupe. Mimi nikabaki wa njano. Na wala haikuwa njano ya biriani. Ilikuwa njano ya dumu la mafuta ya kula.

Nikajipa moyo kwamba kizuri hakitoki haraka.

Leo ilikuwa kliniki. Kila kliniki mama mkwe hutoka Chole alfajiri, bodaboda kisha magari mawili, aje akae na mimi benchi. Mama yangu mzazi alishatangulia mbele ya haki, na siku ya kwanza mama mkwe alisema, "Mimba ya kwanza mtu hakai benchi peke yake," mjadala ukaishia hapo. Nimemkuta keshafika, anasuka ukili wake. Mimi nimevaa dera la mikono mirefu, mtandio nimeuviringisha viganjani, na soksi za Shabani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Soksi za nini na joto hili?"

"Mbu, mama."

"Saa mbili asubuhi?"

"Siku hizi wanaanza mapema."

Akanitazama, akaendelea kusuka.

Nilipoitwa, akanyanyuka na mkoba wake tuingie wote kama kawaida. Nikamnong'oneza sista kwamba leo mama anaweza kupumzika nje. Sista akasema, "Katoka Kisarawe kuja kupumzika kwenye korido?" Tukaingia wote. Mlango wa chumba kile ni pazia. Kumbukeni hilo pazia.

Nikapanda kitandani. Sista akapandisha dera. Akainama.

"Mama kijacho, umekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?" nikauliza, kana kwamba kuna namna nyingi.

Akanifunua viganja. Akanivua soksi moja. Akanivua ya pili, sijui alitegemea nini. Akanivuta kope kwa kidole. "Macho meupe," akasema peke yake. "Lakini mwili..." Kisha akaanza: unawashwa? Mkojo una rangi gani? Unatapika? Umepaka kitu chochote?

Hapo ndipo palikuwa na mlango wangu wa kutokea. Neno moja tu. Nikageuza shingo, nikamwona mama mkwe kasimamisha kusuka ananitazama.

"Sijapaka kitu," nikasema.

Sista akashusha sauti. Akasema kama sijapaka, basi huenda ni ini, na kwa mimba kubwa hivi hawezi kubahatisha. Akanitoa damu chupa mbili, akaituma maabara iharakishwe. Akamwita daktari kwa simu. Nikasikia "hospitali kubwa". Nikasikia "gari". Nikasikia "huenda mtoto akatolewa mapema". Jamani, hofu ilinishika mpaka nikaanza kuamini kwamba kweli naumwa. Nikajiuliza, kama ini nalo linaumwa chini ya hiyo rangi, nani atajua?

Mama mkwe akaweka ukili chini. Sijawahi kumwona akiuweka chini. Akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, midomo inamcheza kwa dua. "Ya Rabi," nikamsikia, "huyu hana mama mwingine ila mimi."

Nikafungua kinywa nikiri. Naapa nilikifungua. Lakini dua ikakatika kabla sijatoa sauti. Kaugeuza mkono wangu. Anaangalia kucha. Kisha akaweka vidole vyake kando ya vyangu. Kucha zake pembeni zilikuwa na njano ileile, ya mikeka ya miaka yote, imekaa kama imezaliwa pale.

"Sista," akasema taratibu, "hilo gari lisubiri kwanza."

Akanigeukia.

"Mwanaidi, kwenye mkoba wangu kulikuwa na kipakti. Ulikiona?"

"Nilikiona, mama."

"Ukakichukua?"

"Nikakichukua, mama."

"Ukajipaka?"

"Tumbo mara mbili."

Akavuta pumzi. "Hiyo ni rangi ya kuchovyea miyaa ya mikeka." Kisha akamwambia sista, kwa sauti ya fundi anayetetea kazi yake, "Haitoki. Ndiyo sifa yake."

Nje ya pazia benchi lote lilikuwa limetega masikio. Nikamsikia mmoja anauliza, "Kapaka rangi ya mkeka?" Mwingine akajibu, "Basi wamtandike tukae, benchi limejaa." Wakaangua kicheko mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia.

Sista hakucheka. Akachovya pamba kwenye spiriti, akanisugua mkono, pamba ikageuka njano. Hapo akanipa yangu. Ngozi ya mjamzito haijaribiwi kwa unga usiojulikana, wala mkorogo, wala krimu ya kung'arisha. Paka mafuta ya kawaida, kunywa maji, michirizi itafifia yenyewe polepole baada ya kujifungua. Nikauliza kama naweza kusugulia sabuni ya unga. Akaisogeza chupa ya spiriti mbali na mkono wangu.

Mama mkwe akaingilia. "Na akijifungua, kumkanda?"

"Maji ya uvuguvugu, mama. Na tumbo usiliminye."

"Uvuguvugu unakanda nini? Ya moto kidogo."

"Uvuguvugu, mama."

"Basi uvuguvugu wa juu."

(Kumbe hii kazi ya kupatana bei nimeolewa nayo.)

Majibu yakaja. Ini salama. Nikaanza kuvaa soksi. Sista akasema, "Subiri. Damu yako iko nane, na inatakiwa ifike kumi na moja."

Akaniuliza vidonge vya kuongeza damu nameza? Nikasema nameza. Vimebaki vingapi? Hapo nilikwama, maana mimi idadi huwa naijua. Nilipewa thelathini mwezi uliopita, vimebaki ishirini na viwili. Vilikuwa vinanichefua, nikajipunguzia dozi mwenyewe. Na nikakiri udongo pia, ule wa vipande ninaotafuna nikikaa kwenye meza yangu ya mitumba. Siku ya kukiri ni moja.

"Kipimo chako cha damu kilikuwa cha mwezi ujao," sista akasema. "Bila hiyo rangi nisingekupima leo. Ungekuja kuingia leba na damu hii tukaanza kukimbizana kutafuta wa kukuchangia."

Hakuna aliyecheka nje ya pazia.

Kwa hiyo nimerudi na vidonge vipya, kimoja kila siku, mama mkwe kavihesabu mbele yangu na atabaki hapa kuhakikisha. Sasa hivi yuko jikoni anachambua matembele. Nimemwomba msamaha, nikamuuliza ile rangi ilikuwa ya kazi gani. Akasema ya mkeka wa mjukuu, wa kumlaza siku ya arobaini. Nyekundu anayo, zambarau anayo. Nikaanza kulia. Akanigusa tumbo kwa kidole chake cha njano.

"Nyamaza. Yeye keshaulalia."

Sasa ombi langu. Mwenye kujua rangi ya miyaa inauzwa wapi huku Kibaha anielekeze, kesho niilipe. Nitanunua vipakti viwili, kwa bei atakayotaja muuzaji. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Someni tena.