Ulimbo Katika Ukumbi wa Vester Tvilum

Jumapili, 19 Januari

Leo nimeshtuka kabla hata ya kahawa. Asta Kjeldgaard, kiongozi wa mazoezi ya viungo ya akina mama, anagombea uenyekiti wa ukumbi wetu wa michezo hapa Vester Tvilum. Uenyekiti wangu! Nimeukalia miaka kumi na tisa bila mtu kuuliza lolote. Mke wangu Bodil kanipa habari hiyo huku anapaka siagi mkate mweusi, kama anayesoma hali ya hewa. Uchaguzi ni Ijumaa, kwenye mkutano mkuu. Nikamuuliza atampigia nani kura. Akasema kura ni siri. Miaka thelathini na mbili ya ndoa!

Nikajitupa mbele ya televisheni. Ubingwa wa dunia wa mpira wa mikono wa wanaume unachezwa Herning, hapo jirani tu, na Denmark nzima imepagawa. Ndipo likanijia wazo. Timu hizi lazima zifanye mazoezi mahali. Nitaleta timu ya taifa ya nchi mojawapo ukumbini kwetu, nipigwe picha ya gazeti katikati ya majitu yale. Halafu tuone nani atakumbuka kuna mtu anaitwa Asta.

Jumatatu, 20 Januari

Nimepiga simu mpaka sikio likawaka moto. Waisilandi wamekubali! Ukumbi waliopangiwa unavuja. Kocha wao, Snæbjörn, anazungumza Kideni cha shuleni, polepole na kwa adabu. Kauliza jambo moja tu: ulimbo unaruhusiwa? Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba sisi hapa ni watu wa ulimbo toka zamani.

Si kweli. Ulimbo ni ile gundi ya utomvu wa msonobari wanayojipaka vidoleni ili mpira usiponyoke, na kwetu ni marufuku. Kanuni niliitunga mimi, baada ya msimu ule ambapo mlango wa choo ulihitaji watu wawili kuufungua. Asta naye kanipigia jioni kuuliza kama wageni wanaijua kanuni hiyo. Nikamwambia siku hizi wakubwa wote wanacheza kwa mikono mikavu. Akaniuliza tena swali lilelile. Mwanamke yule haamini watu.

Jumatano, 22 Januari

Mikono bado inanata. Naandika kwa shida.

Waisilandi wamekuja saa kumi na moja jioni. Vijana warefu mpaka nikahofia taa. Kila mmoja ana donge la ulimbo amelibandika juu ya kisigino cha kiatu: anainama, anachovya vidole, anaendelea kucheza. Akili iliyoje! Nikaomba nami nipewe kidogo. Nahodha akanipa kopo zima, akanipiga bega, nikakaa chini bila kupenda.

Baada ya robo saa, sakafu ilikuwa na madoa kama ngozi ya chui. Ukutani, alama za viganja. Kwenye dari, mpira. Nilikuwa nimepiga magoti nakwangua kwa kisu cha siagi nilipohisi baridi mgongoni. Mlango umefunguliwa. Asta, na nyuma yake akina mama wote na machupa ya kahawa.

Nilisubiri kelele. Hazikuja. Asta akatazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, “Mikono mikavu, Verner, ndiyo hii?” Halafu akamgeukia kocha, akamkaribisha kwa niaba ya kijiji kizima, akamimina kahawa. Nahodha akamuuliza kama amewahi kurusha mpira wa ulimbo. Akasema hajawahi. Akajaribu. Ukaingia golini, pembeni juu, golikipa wa timu ya taifa kaduwaa. Na mimi nimeduwaa mpaka sasa.

Mpiga picha wa gazeti alifika wakati huohuo.

Alhamisi, 23 Januari

Ukurasa wa mbele! Asta amebebwa juu juu na Waisilandi, anacheka. Chini pembeni unaonekana mgongo wa mtu aliyepiga magoti. Maelezo ya picha yamemtaja kila mtu, hata golikipa wa akiba kwa majina yake yote mawili. Mgongo haukutajwa.

Nimesugua sakafu tangu asubuhi. Ulimbo unayeyushwa na mafuta tu, kwa hiyo nimemaliza mafuta yote ya kupikia ya nyumbani, kisha ya mkahawa wa ukumbini, kisha ya jirani. Bodil kataka kujua samaki wa kesho watakaangwa kwa mafuta gani. Nikamwambia awachemshe. Kanitazama kwa jicho ambalo silipendi kabla ya uchaguzi.

Lakini kichwa bado kinafanya kazi. Kesho usiku Denmark wanacheza nusu fainali. Nimeusogeza mkutano uanze saa ileile. Nani atauacha mchezo huo kwa ajili ya ajenda? Akina mama watabaki nyumbani na televisheni zao. Nimewatumia wanachama wote taarifa, nikalala fofofo.

Ijumaa, 24 Januari

Sijui nianzie wapi.

Akina mama wamekuja wote. Wamekuja na televisheni! Kubwa, wameibeba wanne, wakaifunga ukutani karibu na meza yao ya nyuma, wakavaa jezi nyekundu. Waliobaki nyumbani ni wanaume wangu. Egon, rafiki yangu wa damu, niliyemtegemea kama mguu wangu, kanijibu kwenye simu kwamba hawezi kuzungumza, Denmark wana mpira.

Hapo nikaamua kutumia mbinu ya kimataifa. Kwetu kura hutiwa ndani ya kopo la keki. Kila mwaka kopo huanzia meza ya mbele, kwa kamati, na kuishia nyuma kwa akina mama. Kwa hiyo kura zao ndizo hukaa juu. Na anayelibeba kopo mpaka kwa wahesabuji ni mwenyekiti. Nilikuwa nimejibandika donge la ulimbo kwenye kisigino, kama nahodha. Nikainama chini ya meza, nikachovya, nikajipaka kiganja chote. Iliniwia kazi kunyanyuka, kwa sababu kiganja kilishika mguu wa meza kwanza.

Bodil, aliyekuwa akilipitisha kopo mezani, akaniletea. Nikalibeba kwa heshima, mkono juu yake kama kifuniko. Nilipoliweka mezani, kiganja kilitoka na kura tatu. Nikatia mkono mfukoni. Hakuna aliyeona, Denmark walikuwa wanapiga penalti.

Wakahesabu. Asta kanishinda kwa kura mbili.

Nilitaka kwenda jikoni kunawa. Mafuta hakuna kijiji kizima, nani asiyejua. Na desturi yetu ni kwamba aliyeshindwa humpa mkono mshindi mbele ya watu. Nikatoa wa kushoto. Asta akasema, “Wa kulia, Verner. Sisi si maskauti tusalimiane kwa kushoto.” Mkono ukatoka, mfuko nao ukatoka nje. Akaushika kwa nguvu, akina mama wale wana mikono. Tulipoachana, baada ya kuvutana kidogo, kura tatu zilikuwa zimehamia kiganjani mwake.

Akina mama wakasogea kutazama. Hata televisheni walikuwa wameizima sauti. Asta akazisoma moja moja. Verner. Verner. Verner.

Nilimtazama Bodil. Akasema bila kuinua sauti kwamba mwaka huu kopo kalianzisha nyuma, akina mama wapate kuona kipindi cha pili. “Na hiyo ya mwisho ni yangu,” akasema. “Nilikuonea huruma.”

Kura tatu! Ningeshinda kwa moja. Nikadai zirudishwe koponi. Asta akafungua kanuni: kura iliyotoka nje ya kopo haihesabiwi. Kanuni hiyo nayo niliitunga mimi.

Jumapili, 26 Januari

Fainali leo. Nimeitazama peke yangu, kwa sababu Bodil yuko ukumbini na wenzake. Siku mbili sasa nakula samaki wa kuchemsha.

Mchana Asta alipita na keki ya sukari guru. Hana kinyongo, jambo ambalo limeniudhi kuliko yote. Kanipa kazi kwenye kamati mpya: kukwangua ulimbo, maana wameuhalalisha kwa kauli moja. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama nimejifunza chochote.

Nikasema ndiyo, sana. Sikumdanganya. Ulimbo haukukosea hata kidogo, ulishika barabara. Kosa lilikuwa kutojua kopo limeanzia wapi.

Kopo la nahodha limebaki nusu, nimelificha kwenye friza nyuma ya mifupa ya supu. Baraza la kanisa linachagua mwenyekiti mwezi ujao na nimeshajiandikisha kugombea. Nimemuuliza mchungaji, kijuujuu tu, kura zao huwa wanatia ndani ya nini. Wanatia ndani ya kofia. Kofia ina mdomo mpana kuliko kopo.