Huzuni Iripotiwe Siku Mbili Kabla

Jumatatu, 4 Machi
Kadi mia nane za harusi zimetoka kiwandani kwetu zikimwita bwana harusi "marehemu". Familia imezirudisha zote. Kosa ni la mpangaji kurasa, ila meneja hakumfokea. Amesema mawazo mazito yanaitia kampuni hasara kubwa kuliko mashine mbovu: watu wanakosea, wanaugua, wanaacha kazi. Anatafuta wa kulishughulikia tatizo hilo. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Kiti cha naibu meneja kiko wazi!

Jumanne, 5 Machi
Nimebandika tangazo: mwenye huzuni aiarifu ofisi ya msimamizi wa zamu, yaani mimi, siku mbili kabla, kwa fomu, nakala tatu. Kisha nikasimama mlangoni kukagua nyuso. Dereva ametabasamu mpaka nikaogopa. Fomu iliyorudi ni moja. Fundi mashine ameandika kwamba huzuni yake ni mimi.

Jumatano, 6 Machi
Mpangaji kurasa hana fomu, hana tabasamu. Nimempa dakika kumi za kuchangamka. Ameniomba kwa upole arudi kazini.

Baadaye Mama Jalada, anayejalidi vitabu na kukimezea mate kiti changu cha unaibu, amemwita wakakaa kwenye ngazi. Saa nzima. Nimepita mara nne nikijifanya natafuta ufagio. Nimeambulia hili tu la mpangaji: "Tangu nimzike pacha wangu, kila jina ninaloandika naona lake." Mama Jalada hakumpa hata ushauri mmoja. Uzembe mtupu.

Alhamisi, 7 Machi
Mambo yameharibika. Mpangaji kurasa kapewa likizo ya wiki mbili, mshahara kamili, na mshauri wa kuzungumza naye. Mpango wote kakabidhiwa Mama Jalada. Mke wangu amesema afadhali. Sikumuuliza afadhali nini.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata akili. Kama huzuni ina likizo, nami nitahuzunika. Nimekwenda kwa yule mshauri na shati lisilopigwa pasi. Akaniuliza ni lini nililala vizuri mara ya mwisho. Nikasema kweli, ili uongo unoge: miezi mitatu iliyopita. Akauliza huwa naongea na nani. Hapo machozi yakaanza. Yakatoka mpaka akamwomba aliyefuata asubiri.

Sikujua nina kipaji hiki. Nimelia hadi nyumbani, bila mtazamaji hata mmoja. Ameniambia nirudi Jumatatu. Nitarudi, ila nitapunguza kidogo, asije akashtukia kwamba naigiza.