Tiketi Moja ya Zhuhai

Jumatatu, 16 Juni 1997

Leo naanza shajara hii, na nitaandika yote, hata ya kunitia aibu. Mwalimu Leokadia anasema shajara ya uongo ni kupoteza wino.

Habari kubwa! Jumamosi magari ya mbio ya Kimarekani, yale mazito yenye sura ya gari za kawaida, yatashindana Zhuhai, huku huku Uchina. Mwenye kiwanda cha vichezeo, ambako Baba hununua mizigo ya kusafirisha, amempa Baba tiketi mbili. Moja yake. Ya pili ni yangu au ya binamu yangu Yasir. Kanda zote za mbio hizo nimezitazama mimi! Yasir hujilalia. Tumegombana hadi Baba akashika kichwa. Kasema Ijumaa tushindanishe magari ya rimoti, zile sampuli za ghalani. Mshindi ndiye atakayekwenda.

Jumanne, 17 Juni

Nina mpango. Kwenye kanda magari huzunguka duara tu, kona zote za kushoto. Basi gari langu nimelitia tairi kubwa kulia, ndogo kushoto. Sasa linakata kushoto lenyewe. Yasir alichungulia. Nikamwambia nalifuta vumbi.

Jumatano, 18 Juni

Msiba! Yasir kamwonyesha Baba nyuma ya tiketi. Kuna ramani ya uwanja. Zhuhai hakuna duara, kuna kona za kulia na kushoto. Mimi tiketi sikuigeuza. Nilikuwa naibusu upande wa mbele.

Baba kapanga maboksi ya viatu ghalani, njia imepinda kama utumbo. Tulipojaribu, gari langu lilifika kona ya kwanza ya kulia, likaingia kushoto chini ya rafu, likakaa huko. Yasir sasa ananiita Bi Duara. "Bi Duara, wasalimie panya!" Hata Baba alicheka. Sikula kitu usiku, ila wali na samaki.

Nimerudisha tairi za mwanzo. Wapi! Kumbe hata kidole changu kimezoea kushoto.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeokoka! Jarida linasema timu za Marekani zikifika kwenye njia ya kona kona, nyingine humweka pembeni dereva wao na kukodi bingwa wa kona kwa siku ile moja. Hakuna anayesema huo ni udanganyifu.

Bingwa ninaye. Ah Lin, wa duka la vichezeo la jirani, huwaendeshea wateja magari ya rimoti kutwa, katikati ya miguu yao, bila kumgusa mtu. Nimemwahidi bakuli zima la kaimati. Akasema mei wenti, hakuna tabu.

Nikamuuliza Baba kama naruhusiwa kuweka dereva. Alikuwa kwenye simu, anabishana juu ya kontena. Akasema, fanya utakavyo, mwanangu.

Ijumaa, 20 Juni

Ah Lin kashinda. Kwa mzunguko mzima! Nilirukaruka nikipiga kelele, timu yangu, timu yangu.

Baba akampa Ah Lin mkono, akamwambia awe tayari saa kumi na mbili asubuhi.

Nikamwambia gari ni langu. Akajibu kwamba ahadi yake ilikuwa kwa mshindi, na aliyeshika rimoti tumemwona sote. Mama yake Ah Lin kesharidhia, tena kaleta machungwa ya njiani.

Yasir hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Mimi nimeshindwa bure. Wewe umeshindwa kwa bakuli la kaimati."

Jumapili, 22 Juni

Ah Lin karudi na kofia ya timu. Eti kona tamu kuliko zote ni ya kulia. Nilimpongeza kwa adabu. Mashavu yaliniuma kwa kutabasamu.

Lakini Baba katangaza jambo! Mwezi ujao anakwenda Shanghai kwa treni. Atamchukua mwenye insha bora. Mwalimu Leokadia ndiye atakayesahihisha. Mwalimu husema insha zangu ni nzuri. Nzuri! Nzuri haitoshi. Nimekwisha kumwandikia Mwatima, binti wa shangazi yangu Unguja, aliyekuwa wa kwanza shuleni kwa insha. Nakala hii hapa:

Dada Mwatima, shikamoo. Naomba insha ya kurasa tatu, iwe kali. Tia jina lako chini, maana sipendi udanganyifu. Timu itakuwa yangu. Nijibu kwa posta ya kurudi: utakubali kuwa mwandishi wangu?