Nilivyoitengeneza Kibodi ya Zunilda

Jumapili, 9 Novemba

...na ndiyo maana sikubali, hata kama aliyesema ni mama mkwe. Eti Osmar! Kila kitu Osmar! Chakula cha mchana kwake Ña Celsa, mama mkwe huyo, kilikuwa kitamu, lakini kila tonge lilishuka na jina la Osmar. Ni fundi simu sokoni, binamu yake Zunilda, Zuni wangu. Ndiye aliyeweka kwenye laptopu ya Zuni ile programu inayomsomea skrini kwa sauti. Osmar ana mikono ya dhahabu, akasema mama mkwe. Na mimi Derlis je, nikauliza. Akafikiri. Akafikiri tena. Akasema Derlis ana nywele nzuri.

Sawa. Lakini ni mimi niliyemwoa! Mke wangu! Nalipenda neno hili, naliandika tena: mke wangu. Zunilda haoni tangu utotoni, na anaandika kwa kasi ya mvua juu ya bati. Ijumaa ana jaribio la kazi pale manispaa, kuandika mijadala ya madiwani kutoka kwenye kanda za sauti. Mara mbili walimkatalia, wakidai hawana mashine ya kumfaa. Safari hii wamekubali aje na yake. Usingizini anasogeza vidole kama anaandika. Namtazama, moyo unayeyuka kama jibini.

Nimepata mpango. Nitaiharibu kibodi kidogo, kisha niitengeneze mbele yake. Kuharibu kidogo, kutengeneza sana! Osmar atajua yupo nani mjini Villarrica.

Jumatatu, 10 Novemba

Zuni alipoingia kuoga, nikaifungua laptopu. Nikabonyeza vitufe viwili viwili, vitatu vitatu, kama mpiga kinanda. Ghafla yule bwana wa ndani (sauti ya programu ni ya kiume, nzito, anamnong'oneza mke wangu mchana kutwa, simpendi) akaanza kutaja kila nilichogusa. "A. Nafasi. Futa." Anataja, lakini haandiki! Hata herufi moja. Ugonjwa mzuri ajabu!

Zuni akatoka akinukia sabuni ya nazi. Nikamwambia kwa huzuni kwamba kibodi imekufa, ila asihofu, mumewe yupo. Akaja, akabonyeza mahali fulani mara moja tu, na maandishi yakaanza kutoka. Kumbe ni hali ya mazoezi, ya kumfundisha mgeni majina ya vitufe. Inazimwa kama ilivyowashwa. Akauliza nani aliiwasha. Nikasema labda upepo.

Akasema upepo huo unakula mikate ya chipa, maana vitufe vimejaa makombo na mafuta ya jibini.

Makombo! Sasa nina mpango bora zaidi.

Jumanne, 11 Novemba

Zuni kaenda kushinda kwa mama yake. Nimeizima mashine. Nimeng'oa vitufe vyote kwa ncha ya kisu, nikavitia kwenye beseni lenye sabuni ya nazi. Vimetoka vinang'aa kama meno ya mtoto!

Shida ndogo: kurudisha. Nilidhani nakumbuka mpangilio. Kumbe nimeutazama miaka yote bila kuuona. Hata picha sikupiga. Nikakaa chini, nikatoka jasho.

Halafu nikaruka! Zuni hatazami herufi! Kwake herufi ni mapambo tu. Basi nipambe. Katikati kabisa nikapanga Z, U, N, I. Chini yake D, E, R, L. Herufi I ni moja tu, kwa hiyo tunaigawana, kama ndoa inavyotaka. S nikaiweka pembeni, itulinde. F na J hazimo katika majina yetu, nikazitupa kwenye kona. Nimeangalia kazi yangu na machozi yamenilengalenga. Kibodi ya mapenzi! Osmar anaweza hili?

Jumatano, 12 Novemba

Maafa!

Zuni alikaa kufanya mazoezi. Akaandika, na yule bwana akasoma takataka tupu. Akaandika tena. Takataka. Hakubabaika, mke wangu ana utaratibu. Kwanza akaangalia kama kibodi imehamia lugha nyingine. Haijahama. Kisha kama baadhi ya herufi zimegeuka tarakimu. Hazijageuka. Akaniomba nimwambie kuna nini kwenye skrini. Nikamwambia ukweli: naona kivuli cha uso wako kwenye kioo, na hakuna uso kama huo toka hapa hadi Asunción.

Akasema, "Derlis, mpenzi wangu, nyuma ya uso wangu kuna nini?"

Nikainama nisome. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa. Vikasimama.

"Nani amehamisha milango ya nyumba yangu?"

Kumbe F na J zina vinundu vidogo! Miaka yote hii sikujua! Vidole vyake vya shahada hukaa hapo, na kutoka hapo anajua kila kitu kilipo. Bila vinundu, mikono ilikaa kando kidogo, na kila neno likaenda kando nalo. Akasema anaweza kuhesabu kutoka ukingoni kila mara, lakini si kwa kasi ya madiwani wanaogombana.

Nikasema ni joto, plastiki hutanuka. Akauliza kama ilitanuka ikatembea mpaka kona.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba Ijumaa ni keshokutwa. Kisha akaenda uani, akamimina tereré, chai yetu ya baridi, akanywa peke yake. Hakunipitishia kikombe. Tangu tuoane hajawahi kunywa tereré bila kunipitishia! Nilisimama mlangoni kama mbwa wa jirani.

Alhamisi, 13 Novemba

Asubuhi mapema nikaenda kwa Osmar. Nikamweleza kuwa nina rafiki yangu mmoja, kibodi yake imechanganyika. Osmar akauliza kama huyo rafiki ana nywele nzuri. Akasema niilete, ni kazi ya dakika. Nikakataa. Rafiki yangu ana heshima zake! Nikatoka nimenyooka, kiatu kikanasa kwenye ngazi.

Nyumbani nikamkuta Zuni ameketi mbele ya laptopu, mikono mapajani. Nikapiga magoti. Nikakubali yote: kisu, beseni, Z, U, N, I. Halafu midomo yake ikaanza kutetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka!

Akaniamuru nifumbe macho. Nikafumba. Akasema nipapase polepole, nitafute vitufe viwili vyenye vinundu, maana macho yangu yameshaonyesha uwezo wake. Nikavipata! Kisha akaja nyuma yangu, akanishika mikono, akaniongoza hadi mahali pake. Shavu lake kwenye sikio langu. Nilitamani viwe vitufe mia.

Vilipokaa, nikajitolea kupanga vilivyobaki. Akanipiga kofi dogo la mkono. "We, usiguse! Hivyo vingine viache vicheze polka vitakavyo, mimi sivisomi."

Akaandika ukurasa mzima. Bwana wa ndani akasoma, kila neno mahali pake. Kisha Zuni akamimina tereré, na kikombe cha kwanza akanipa mimi. Baridi, chenye mnanaa. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Ijumaa, 14 Novemba

Manispaa. Nilikaa karibu na mlango na chupa ya maji ya barafu kwapani, nikimwomba kila mtakatifu ninayemjua.

Kanda ilikuwa ya madiwani wakigombana juu ya ng'ombe wanaozurura uwanja wa mpira. Watatu wanaongea kwa pamoja, mmoja anapiga meza. Zuni aliandika mpaka matusi. Akamaliza wa kwanza kati ya waombaji wote.

Hapo Karai Nimio, mheshimiwa katibu mwenyewe, akatia shaka. Mzee wa miwani na suruali iliyopigwa pasi. Akasema kasi hii si ya kawaida, huenda maneno yaliwekwa mle tangu nyumbani. Akataka kuijaribu mashine kwa mkono wake, aandike jina lake tu. Akainama, akatafuta herufi moja moja kwa kidole. Yule bwana wa ndani akasoma kwa sauti kubwa kitu kama mtu anayepaliwa na mfupa wa kuku. Chumba kizima kikacheka. Akarudia. Mfupa ukazidi.

Karai Nimio akawa mwekundu. Akasema mashine ni mbovu, na jaribio la mashine mbovu halihesabiwi.

Moyo wangu ukaanguka hadi kwenye soksi. Kibodi ya mapenzi! Nimemponza mke wangu kwa mikono yangu! Nikasimama nikiri, chupa ikanidondoka.

Zuni akawahi. Kwa upole, kama anamkaribisha mtu kiti: "Karai Nimio, fumba macho kwanza."

Akamshika vidole akaviweka kwenye vinundu. Mzee alijifunza taipu ujanani, na vidole havijasahau. Akafumba macho. Jina likatoka zima, na la baba yake juu yake. Akafumbua, akafumba tena, akaandika salamu kwa mkewe. Alikuwa anatabasamu kama mtoto.

Kazi ni ya Zuni! Anaanza mwezi ujao! Nililia kuliko yeye.

Jumapili, 16 Novemba

Karamu kwa Ña Celsa. Nimewaeleza wote kwamba kama si mpangilio wangu wa herufi, Karai Nimio asingefumba macho, na asingefumba macho, asingeamini. Nilipanga kila kitu tangu Jumatatu. Osmar akapaliwa na chipa. Zuni akanipapasa mkono, akasema upepo wa nyumbani kwetu una mikono ya dhahabu. Mbele ya watu wote! Dhahabu!

Sasa nimegundua cherehani ya mama mkwe inaruka mshono. Ni uchafu tu. Kuifungua yote, beseni, sabuni ya nazi, kuirudisha. Nimemwahidi. Akauliza kwa hamu ni siku gani hasa, na bila kungoja jibu akaanza kuisukuma cherehani chumbani, akatafuta ufunguo wa mlango. Anavyoitunza ikinisubiri! Usihofu, Ña Celsa. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika, na kisu changu.