Koki ya Hita Irudishwe Ilivyokuwa

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Gereji za Nyuma ya Soko.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: FUNDI ALIYETENGENEZA KITU BILA KUTUMWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio ofisini kwako. Mimi si hodari wa kuandika. Shule niliiacha mapema, na kalamu hii nimeiazima kwa binti yangu, kwa hiyo nitakwenda polepole nisije nikamkosea mtu adabu.

Mimi ni mjane wa dereva wa lile lori la zamani la kijani ambalo mafundi wako wanaliita Tanuri. Unalifahamu. Ni lile la kubeba vyombo vya watu wanaohama nyumba, lenye pua ndefu na taa moja inayoangalia chini kama jicho lenye usingizi. Mume wangu alifariki miezi mitano iliyopita. Lori sasa analiendesha binti yetu.

Wiki iliyopita binti alilipeleka kwa yule fundi mnayemwita Miwani, kwa ajili ya breki. Breki tu. Jioni likarudi na breki nzuri, sina neno. Lakini lilirudi pia na koki ya hita imetengenezwa. Labda kwenye kikao chenu watakuwepo wasioijua, kwa hiyo nieleze. Koki hiyo ni kitu kidogo cha shaba, ukubwa wa ngumi ya mtoto, kinachoruhusu maji ya moto yatoke kwenye injini yaingie kwenye hita, na hita inapuliza joto miguuni pa dereva. Ya kwetu ilikwama ikiwa wazi miaka kumi na tisa iliyopita na haikufungika tena. Kwenye mvua joto, kwenye jua kali joto. Fundi Miwani ameing'oa, akailoweka kwenye siki, akaikwangua, akaipaka grisi, akabadilisha mpira wake na waya unaoivuta. Sasa inafungwa na kufunguliwa kwa kidole kimoja.

Ndugu Mwenyekiti, nimeonewa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi hakutumwa. Nilipokwenda kumuuliza alifuta mikono, akatabasamu, akasema, "Mama, sukuma kishikio hiki huku, joto linakuja. Kirudishe huku, linakwenda. Sasa una hiari." Nikamwambia, baba, hiari sikuomba. Joto la mume wangu lilikuwa haliitwi. Ukiwasha gari, limo. Hili la kwako ni la kubembelezwa, linakaa pembeni linasubiri kukaribishwa kama mgeni. Akaniangalia kama mtu anayetafuta spana iliyoanguka, kisha akaniletea kiti. Kiti nilikikalia, lakini sikumsamehe.

2. Kazi nyingi zimekosa mwenyewe. Hita ile ilikausha soksi, nepi, na siku moja daftari zima la hesabu lililonyeshewa. Sufuria ya chakula cha mchana tuliifunga kwa kitambaa tukaiweka chini, na tukifika nyumba ya pili ilikuwa kama imeepuliwa sasa hivi. Binti yetu alipokuwa mchanga hakulala popote ila mle. Tulimzungusha mtaa mara mbili, usingizi ukambeba. Halafu kuna ugomvi. Hatukuwahi kugombana kutoka nyumbani kupita pale kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu ukifika hapo ama umesamehe ama umeruka nje ukapunge upepo. Ndoa ya miaka thelathini na moja, Ndugu Mwenyekiti, na zaidi ya nusu yake imetunzwa na koki mbovu.

3. Usalama wetu barabarani umeshuka. Zamani askari wa barabarani akitusimamisha aliingiza kichwa dirishani, akakitoa upesi, akasema, "Pita, mzee, pita, Mungu akusaidie." Juzi kamsimamisha binti, kaingiza kichwa, kaona hali ya hewa ni nzuri, kakaa. Kauliza habari za msiba. Kaomba karatasi zote. Mwishowe kazunguka kuangalia matairi. Kwa matairi tuliyonayo, jambo hili haliwezi kuendelea.

4. Heshima ya biashara imepungua. Wapakiaji wetu wawili walikuwa wakishuka kwenye lori jasho linawatiririka kabla hawajagusa hata kiti, na mteja akiona vile anaona huruma, anashika upande mmoja wa kabati mwenyewe. Walimtania mume wangu, "Mzee, leo tunahamisha vyombo au unatubanika?" Naye anawajibu, "Geukeni, upande huo umeshaiva." Sasa wanalala njiani na kushuka wakipiga miayo. Mteja wa Jumatano aliwauliza kama wamekuja kuhamisha vyombo au kuhamia.

5. Mguu wa marehemu umebaki bila maelezo. Hita ilipuliza upande wa kushoto, kwa hiyo mguu wake wa kushoto haukuwa na hata unywele mmoja, kuanzia kifundo hadi gotini. Wa kulia ulikuwa kama wa mwanamume mwingine yeyote. Alipolazwa, muuguzi aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana tatizo la ngozi. Nikamwomba alifute. Nikamwambia hilo si tatizo, ni kazi yake. Akacheka, nami nikacheka, mume wangu akafumbua macho akauliza tunacheka nini. Leo mtu akibisha habari za mguu ule nitamwonyesha nini? Gari lenye hita nzuri?

6. Kuna mali imefagiliwa. Fundi anakiri kwamba alikwangua ndani ya koki kutu na magadi meupe, anasema "kijiko kizima, mama, sijapata kuona," na akayafagia pamoja na uchafu mwingine. Magadi yale yametoka kwenye maji ambayo mume wangu alimimina kwenye rejeta kila asubuhi kwa dumu lenye kifuniko cha bluu, huku akiliambia lori, "Kunywa taratibu, usipaliwe." Vitu vingine alivyoacha navijua na nimevikunja: koti, mkanda, kofia ya sufu. Kijiko kile sikujua kama kipo mpaka kilipokuwa hakipo.

7. Hili ningependa usilisome kwa sauti kwenye kikao. Tangu msiba, kila Jumapili nilikuwa napanda kwenye lori peke yangu likiwa uani. Nawasha injini kama alivyonifundisha. Nakaa upande wangu, si kwenye usukani. Navua viatu. Baada ya dakika chache joto linaanza kwenye vidole, linapanda, na mle ndani kunanuka vumbi la moto na mpira, harufu ambayo shati lake lilikuwa nayo akirudi safari. Nakaa hivyo mpaka naona inatosha, nazima, narudi kupika. Jumapili iliyopita nilivua viatu, nikasubiri, nikapata baridi ya miguu. Kilichokuwepo ni injini tu. Ndiyo, kishikio nilikiona. Sikukisukuma. Sikutaka kuwa mimi niliyemleta.

Kwa sababu hizo, na kwa heshima zote, naomba Umoja utekeleze yafuatayo:

(a) Koki ikwamishwe upya, ikiwa wazi, kwa ukwamaji usiopungua miaka kumi na tisa. Kutu ya haraka haraka haitakubaliwa.

(b) Fundi Miwani apelekwe kwenye mafunzo ya kuacha vitu vilivyo. Walimu wapo hapo hapo sokoni. Yule fundi anayekaa na pasi yangu mbovu tangu mwaka juzi anafaa kabisa kuwa mkuu wa chuo.

(c) Kila gereji ibandike ukutani amri kwamba fundi asiguse hata skrubu kabla ya kuuliza nani alikuwa anakaa humu.

(d) Ikiwa koki haitakubali kukwama, basi koki za magari yote ya mji huu zikwamishwe, ili nisiwe peke yangu. Na mkimaliza magari mwendelee na mitaa. Taa ya kona yetu, kwa mfano, ilikuwa inawaka na kuzimika, na mume wangu aliihesabu wakati ananisubiri nifunge mlango. Mwezi uliopita wameitengeneza, inawaka moja kwa moja, haina cha kuhesabu. Vyote vilivyotengenezwa bila ridhaa ya wafiwa virudishiwe ubovu wake.

Sidhani kwamba naomba makubwa. Mafundi wako wameharibu vitu vingi vya watu bila kuombwa hata na mtu mmoja. Mimi naomba kimoja, tena kwa maandishi.

Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie katibu wako, na yule dada anayeuza oili pale mlangoni, na mafundi wote, wa injini, wa bodi na wa rangi. Hata Miwani msalimie, na umpe pole kwa mama yake, nasikia goti bado linamsumbua. Binti yangu naye anawasalimu, ingawa hajui kwamba naandika.

Ni mimi, kwa heshima na kwa baridi,

Mjane wa dereva wa Tanuri.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga pale Fundi Miwani alipopiga hodi. Amepata habari kwa yule dada wa oili, niliyemdokeza, kwamba nakuandikia, akaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama za vidole vya grisi. Ni barua niliyokuandikia wewe mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita, nawe ukampa yeye aishughulikie. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Ndani yake nalalamika kwamba naungua, kwamba mume wangu ni mbishi, kwamba lori likiwa gereji hashuki, anakaa kwenye usukani mpaka kazi iishe ili koki yake isiguswe. Halafu naomba koki hiyo itengenezwe "siku yoyote ambayo mume wangu hatakuwepo, wala msisubiri kuniuliza mara ya pili." Fundi ameitunza kwenye sanduku la spana miaka yote hiyo. Anasema wiki iliyopita ndiyo mara ya kwanza lori lilifika kwake bila mzee ndani, na alidhani nakumbuka.

Kwa hiyo futa namba moja hadi saba, na maombi yote chini yake, na fundi asiulizwe kitu. Ametekeleza neno kwa neno. Mwandiko ni wangu na sahihi ni yangu, sikatai. Ila naomba ieleweke ofisini kwako kwamba nilipoandika vile nilikuwa nafikiria siku anazokwenda kwa kinyozi.