Mtandao Unamwogopa Fundi Nyang'au

Jumatatu, 12 Mei

Ijumaa saa tisa alasiri mke wangu Chepkosgei anatetea tasnifu yake ya uzamili mbele ya maprofesa, kwa video, akiwa hapa hapa sebuleni kwetu Boito. Mwezi Machi alijaribu, mtandao ukakatika katikati ya sentensi. Maprofesa walimwona amefungua mdomo tu, sauti hakuna. Wamempa nafasi moja zaidi. Ikiharibika, atangoja mwaka mwingine, na kile cheo cha naibu mwalimu mkuu kitachukuliwa na mtu mwingine.

Jioni tumejaribu. Taa ya ruta, kile kisanduku cha mtandao, ni nyekundu! Mke wangu, Mama Cheptoo, akaniuliza, kwa sauti anayowaulizia wanafunzi, kama kuna mtu amegusa waya. Nikasema labda ni panya.

Hapa nitasema ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kuniuliza. Waya ya kampuni, ile inayoleta mtandao na TV, nimeigawa. Nilinunua splita, kidude cha chuma kinachopokea waya moja na kutoa tatu, nikakifunga nyuma ya nyumba. Moja inaingia kwa ruta. Moja inaenda kwa TV ya chumbani. Ya tatu nimeipitisha chini ya michai ya shamba letu mpaka bandani, kwenye ile TV kuukuu, ng'ombe wasikilize nyimbo za injili wakikamuliwa. Jirani yangu Alexander alikuwa akijisifu kituo cha maziwa kwamba redio imemwongezea maziwa. Redio! Sasa kituo kizima kinajua ng'ombe wangu mimi Weldon wanatazama TV. Nitaiondoaje? Mke wangu anaijua, ila anadhani inashika kwa antena.

Splita haiwezi kuwa ndiyo shida. Mshumaa ukiwashia mwenzake, moto wake haupungui. Halafu waya ya bandani niliivuta Machi, wiki ile ile ya mtihani wa kwanza, kwa hivyo nakumbuka vizuri kwamba mvua ilikuwa kubwa. Ni mvua.

Jumanne, 13 Mei

Nimehamisha ruta mara nne. Juu ya kabati, dirishani, juu ya sufuria iliyofunikwa, kisha kwenye kiti changu mwenyewe. Nimekula nikiwa nimesimama. Bado nyekundu.

Nikaingia kwenye chai kukagua kiungo cha waya. Nilikuwa nimekifunika na pakiti ya unga. Ilikuwa imejaa maji ya mvua ya mawe ya jana! Nimekifuta na shati, nimekizungushia utepe wa nailoni wenye gundi mpaka kikavimba. Taa ikawa kijani kwa muda wa kunywa chai. Mvua ikaja.

Halafu Alexander akabisha. Amesikia tuna shida. Akasema kwake mtandao ni wa nguvu, mwalimu aje tu Ijumaa, sebule ni yake, bibi yake atapika chai. Mama Cheptoo uso ukamng'aa. Nikasema hapana kabla hajamshukuru. Mke wa Weldon akaombe mtandao kwa mtu wa redio? Nikamwahidi mke wangu, kwa jina langu, kwamba Ijumaa mtandao wa nyumba hii utasimama imara. Akaingia chumbani na simu yake.

Jumatano, 14 Mei

Mke wangu amempigia simu fundi wa kampuni! Bila kuniambia! Nimepata habari fundi akiwa tayari njiani na pikipiki. Jina lake Nyang'au, kijana wa Kisii, mpole, ana kifaa cha kupima waya. Kupima waya! Mke wangu alinikataza kuigusa mbele ya mama yake mzazi. Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikang'oa splita, nikaunganisha waya ya nje na ya ruta moja kwa moja, splita nikaitia mfukoni. Ilikuwa imejaa maji ya mvua, suruali ikalowa mahali pabaya.

Nyang'au akapima. Akapima tena. Akasema, "Mzee, hapa net iko sawa kabisa. Hata inapita ile ya ofisi." Akauliza kama kuna mahali waya imegawanywa. Nikamwambia hapana, nikamwongeza mursik, maziwa yetu ya mgando.

Alipoondoka nikarudisha splita, maana saa ya kukamua ilikuwa imefika. Taa nyekundu papo hapo. Nimekaa nikawaza sana. Akiwepo, kijani. Akienda, nyekundu. Mtandao unamwogopa Nyang'au.

Alhamisi, 15 Mei

Sikulala. Asubuhi nimemwita Nyang'au tena, nikisingizia kwamba rimoti ina shida. Nikang'oa splita kabla hajafika, ni heshima tu. Mtandao ukapaa! Akaenda, nikarudisha, ukafa. Mara mbili! Mke wangu mwenyewe husema jambo likitokea mara mbili huo ni mwanzo wa utafiti.

Kwa hivyo mpango ni huu: kesho Nyang'au akae sebuleni, awe tu anaonekana na ruta. Nimemwalika kwa kuku. Akasema ana kazi Kaplong lakini atapitia kabla ya saa tisa.

Jioni nilimkuta Mama Cheptoo jikoni akisoma makaratasi yake huku machozi yanadondoka kwenye mboga. Akasema hajui afanye nini mtandao ukimwaibisha tena, miaka mitatu amesoma watu wakiwa wamelala. Roho iliniuma kabisa. Nikamwambia aniamini. Akasema, "Baba Cheptoo, mimi nakuamini. Hiyo waya ndiyo siamini."

Ijumaa, 16 Mei



Saa nane na nusu, Nyang'au hayupo. Saa tisa kasoro, hayupo. Simu haishiki. Mbingu nyeusi upande wa msitu. Kuku amepoa. Mama Cheptoo amevaa suti ya samawati, maprofesa wanne kwenye kioo cha kompyuta. Akaanza vizuri, kisha yule wa katikati akaganda akiwa amefumba jicho moja. Mke wangu akaanza kuita, "Prof, mnanisikia? Mnanisikia?" Sauti ile sitaisahau. Ilikuwa ya mtoto aliyeachwa sokoni.

Hapo nikasikia pikipiki. Nyang'au! Na splita iko kwenye ukuta, ataiona! Nikatoka mbio, mvua ya mawe ikinipiga kichwani, nikapiga magoti kwenye matope chini ya ukuta, kando ya chai, nikaing'oa, nikaunganisha. TV ya bandani ikazima, ng'ombe akapiga ndoo teke. Nikarudi dirishani. Maprofesa wanaitikia kwa vichwa! Mke wangu anaongea, mikono inaenda, hata anacheka!

Pikipiki haikuwa ya Nyang'au. Ilikuwa ya Robert wa bodaboda, anapeleka simiti kwa Alexander. Nyang'au alipiga baadaye, mvua ilimfungia Kaplong. Nimeduwaa. Yaani hakufika kabisa, na mtandao ukapona. Kumbe hata nia yake ya kuja inatosha!

Mama Cheptoo amepita! Alinikumbatia na matope yangu yote. Akaniuliza kwa nini magoti yamechafuka hivi, nilikuwa nafanya nini kwenye chai. Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka, mdomo ulifunguka. Nikasema nilikuwa naomba. Akalia upya.

Jumapili, 18 Mei

Ametoa ushuhuda kanisani. Kwamba mumewe alipiga magoti kwenye matope, mvua ya mawe ikimpiga, mpaka mtandao ukarudi. Kanisa zima limesimama kunipigia makofi. Alexander naye alisimama, amenishika mkono kwa heshima, akaniuliza kama naweza kuombea na mtandao wa kwake. Niliona aibu kidogo, halafu ikapita.

Maprofesa wanataka marekebisho yatumwe kwa mtandao Ijumaa, tena atayaeleza kwa video. Mimi, kwa kuwa sasa mtandao wetu umethibitika, nimenunua splita ya matundu manane. Nimefikisha waya kwa ndama na kwa kuku. Jioni hii taa ni nyekundu kama nyanya.

Ajabu ni kwamba Mama Cheptoo hana wasiwasi hata kidogo. Ametandika gunia safi kando ya chai, ameniwekea na mwavuli, akasema Ijumaa nitoke saa tisa kasoro. Nimempigia Nyang'au. Nimemwambia asijisumbue kuja, awe tu na nia.